Mrejesho: niliyekuwa na hofu ya kupima VVU

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Mimi ndiye niliyeuliza kuhusu homa, vipele na tezi za shingoni baada ya kulala na mtu bila kondomu. Asanteni sana, hasa uliyenikaripia niache kusoma dalili mtandaoni usiku kucha.

PEP, zile dawa za kuzuia VVU baada ya kujiweka hatarini, ilishindikana. Mwisho wa kuanza ni saa 72 tangu tendo, na nilipofika kituo cha afya zilishapita, daktari akaniambia wazi hanipi. Nikapimwa siku hiyo hiyo, kisha nikarudi baada ya miezi mitatu kama mlivyosema, maana kipimo kinasaka kingamwili (kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi) na zenyewe huchelewa kujitokeza.

Kule kusubiri majibu, jamani! Mshauri nasaha kaweka kipimo mezani, mimi nimekikodolea macho naomba mstari wa pili usitokee. Ukabaki mmoja. Sina VVU.

Ila sikutoka mikono mitupu: nilikutwa na kaswende, na daktari anasema vile vipele vya viganjani ni vyake. Nimechomwa penisilini makalioni, nikatoka nachechemea. Mwenzangu naye kaitwa, katibiwa. Mliosema nipime na magonjwa mengine ya zinaa mlilenga penyewe.

Ule ushauri wa "usiwaze" haukunisaidia hata kidogo, usingizi umerudi baada ya majibu tu. Kama wewe unayesoma bado uko ndani ya saa 72, nenda kituoni leo. PEP ni vidonge vya siku 28.