Nimsomee mamangu Vuta N'kuvute mpaka mwisho, au nikiweke?

BintiKibokoni
Asalaam aleikum jamani. Mamangu macho yamempungua nguvu, kwa hivyo kila usiku baada ya Isha mimi humsomea riwaya. Mwezi uliopita tulimaliza Siku Njema ya Ken Walibora. Alimpenda mno Kongowea, yule kijana atokaye Tanga kumsaka babake huku Kenya. Kila sura ikiisha: "Ongeza kidogo."

Wiki hii nikaanza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Mimi nilishaimaliza peke yangu, kwenye feri ya Likoni asubuhi na jioni, na kwangu ndiyo riwaya bora niliyosoma mwaka huu. Yasmin ana miaka 15, anaozwa Bwana Raza wa miaka 52. Adam Shafi anasimulia kwa upole, na upole ule ndio unaouma.

Juzi tukafika pale Raza anapomleta Yasmin hapa Mombasa. Mama akasema, "Basi kwa leo," akageukia ukutani. Mamangu naye aliozwa mdogo, akaletwa hapa kutoka Lamu. Nyumbani hatujapata kulizungumza jambo hilo. Siku tatu sasa hajaniitisha kitabu. Nifanyeje?

UmmuSalim
Kiweke, dadangu. Usimtoneshe kidonda. Mletee Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla. Ni ya mwaka 1960 lakini Kiswahili chake kitamu bado, na Bwana Msa, yule mpelelezi, na kiko chake watamchangamsha. Babangu alifika mahali akawa anamtafuta muuaji kabla yangu! Ila Rosa Mistika usimsomee. Niliisoma juzijuzi nikalia, Kezilahabi hamhurumii Rosa hata kidogo.

MzeeWaMtongwe
Ummu Salim, hapo kwa Rosa sikubaliani nawe. Huruma imo tele. Anayeshtakiwa mle ni baba aliyembana bintiye hadi asijue dunia.

Binti, usimwamulie mamako. Aliamuliwa mume, akaamuliwa mji, leo na hadithi aamuliwe na mwanawe? Muulize kwa adabu, mkiwa wawili tu. Tena wewe unajua kilichoko mbele: Yasmin anatoroka kurudi Unguja, ndugu zake wanamkataa, shoga yake Mwajuma anampokea mtaani Ng'ambo. Hapo ndipo riwaya inapofunguka. Ukiifunga sasa umemwachia mamako machungu matupu.

KijanaWaTudor
Naungana na mzee. Ila akikubali, zile sehemu za Denge na siasa zipunguze, zinachosha kusikiliza usiku.

MzeeWaMtongwe
Usipunguze kitu, Binti. Bila Denge na wenzake wanaopambana na Mwingereza, Yasmin hajui kwamba wako wengine wanaotaka kujitawala kama yeye.

BintiKibokoni
Ahsanteni nyote. Ummu Salim, Bwana Msa nitamtafuta, hilo nakuahidi.

Jana nilikuwa nakaanga mahamri huku nawaza nianzie wapi kumuuliza. Mama akaja akaketi mlangoni, akanitangulia: "Yule mtoto bado yuko Mombasa?"

Nikamwambia bado yuko.

"Nami nilikaa miezi mitatu sijatoka nje," akasema. Sikuwahi kulisikia hilo. Nikazima jiko. Alinieleza mengi, mengine nitabaki nayo mwenyewe. Usiku akaniitisha kitabu, tukasoma hadi saa tano. Yasmin alipotoroka, mama alinishika mkono akasema, "Rudia hapo."