Wapigapicha, naombeni mbinu za nyumbani: vivuli vizito na picha zinazotikisika

MpendaMwanga (mwenye uzi)
Habari zenu wakuu. Nina kamera yenye lenzi iliyokuja nayo, ile ya milimita 18-55. Sina stendi wala taa. Napigia picha ndani, chumba kina dirisha moja kubwa. Shida ni mbili: upande wa uso ulio mbali na dirisha unatoka mweusi tii, na jioni picha zinatikisika. Jana nimempiga mama yangu ameketi, macho yametoka na ukungu, na hiyo ndiyo picha niliyoitaka kuliko zote. Kabla sijanunua chochote, nipeni mbinu mlizozijaribu wenyewe.

Fundi wa Kivuli
Mkuu, pole kwa picha ya mama. Tuanze na dirisha, hapo ndipo penye kazi. Zima taa zote za chumbani. Balbu nyingi zina umanjano na mwanga wa mchana una ubuluu. Vikikutana usoni, ngozi inatoka rangi mbili na kuisafisha baadaye ni mateso. Jua likiingia moja kwa moja, tundika shuka jeupe jepesi dirishani. Mwanga utatoka kwenye shuka zima, na vivuli vitapoteza makali.

Sasa chukua manila nyeupe. Mketishe mama ubavu kwa dirisha, isimamishe manila upande wa giza, karibu na shavu kadiri uwezavyo bila kuingia kwenye fremu. Isogeze taratibu huku ukitazama kivuli cha pua yake, utakiona kinalainika. Rudi nayo nyuma hatua mbili, kivuli kinarudi vilevile. Watu wengi huweka manila mbali halafu wanasema haisaidii.

Foili siipendi kwenye uso, ni kali mno. Kwa vitu vya chuma na glasi ni nzuri, ila ifinyange kwanza, ikunjue, ndipo uibandike kwenye kadibodi.

Kamba Ndefu
Chini ya kamera kuna tundu la skrubu, kwa kamera nyingi ni la robo inchi. Tafuta skrubu fupi ya kipimo hicho, ifungie kamba inayofika sakafuni. Kanyaga ncha ya kamba, vuta kamera juu mpaka ikaze, ndipo ubonyeze. Usilazimishe skrubu ndefu, utapasua kamera kwa ndani. Kamba haifikii stendi, lakini kwenye spidi ya 1/15 ya sekunde (muda kamera inaopokea mwanga) imeniokoa mara nyingi. Kwa vitu vidogo, laza kamera juu ya mfuko wa kitambaa wenye maharage makavu, weka kipima muda cha sekunde 2, uondoe mikono.

Jicho la Karibu
Naomba nipingane kidogo na Kamba Ndefu. Kamba inazuia mkono wako, haimzuii mama. Mtu aliyeketi anapumua, anapepesa, anageuka. Kwake usishuke chini ya 1/125, hata kama ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) itapanda hadi 1600 au 3200. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, macho yenye ukungu hayana dawa. Na fokasi iweke mwenyewe kwenye jicho lililo karibu na kamera, usiiachie kamera ichague.

Begi Kavu
La haraka tu: lenzi usiifute kwa shati. Puliza vumbi kwanza kwa pampu ya mpira, maana ukifuta na vumbi lake unakwaruza kioo. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, vitie ndani ya begi la kamera. Unyevu huzaa kuvu ndani ya lenzi. Filta (kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi) ikigoma kufunguka, izungushie mpira mpana wa kufungia, itashikika.

MpendaMwanga
Wakuu, nimerudi. Asubuhi hii nimeweka shuka, manila, 1/125, ISO 1600. Ndani ya jicho la mama linaonekana dirisha dogo jeupe, hata kope zake unaweza kuzihesabu. Ameishika simu yenye picha hiyo muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaniuliza kama naweza kumpiga nyingine akiwa na miwani yake. Nimejaribu, vioo vimejaa dirisha tupu. Nafanyaje?

Fundi wa Kivuli
Hongera sana! Miwani: mwambie ainue kidogo mikono ya miwani juu ya masikio, vioo viiname kuelekea chini. Kwenye picha haitaonekana. Dirisha likibaki, mgeuze kidogo kidogo mpaka litoke kwenye vioo, kisha uirudishe manila mahali pake.