Tupeane uzoefu: soketi mbovu ulizokutana nazo ukikagua nyumba ya kupanga

Wakuu, dalali anakuonyesha tailsi na jipsamu, anafungua bomba uone maji yanatoka. Soketi hazitaji. Ukishalipa kodi ya miezi sita ndiyo unajua sebule nzima ina soketi moja nzima. Juzi huku Tegeta nimekuta ya jikoni imefunikwa kwa kalenda. Kuiinua, plastiki ya kahawia, imeyeyuka kwenye tundu la chini kulia. Dalali eti "vumbi hilo, bosi". Nyie mnakaguaje?

Fundi wa Mtaa
Tundu hilo ni la laivu, waya unaoleta umeme. Likiungua, mara nyingi skrubu ya nyuma imelegea, waya haushiki, joto linapanda. Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba kama wati 3,000. Weka birika la umeme na pasi kwenye ekstensheni moja uone. Mwenye nyumba atabadilisha soketi tu, inang'aa, umeridhika. Mwambie fundi azime meni, aivute mbele yako. Waya ukiwa umeungua mweusi ukatwe hadi shaba safi. Ukiwa mwembamba, wa milimita za mraba 1.5 badala ya 2.5, nyumba hiyo mimi siichukui.

Mama Wawili
Mimi naangalia tundu la juu. Pini ndefu ya ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) ndiyo inafungua vizibo vya matundu ya chini. Sasa wapangaji wenye chaja za pini mbili wanasukumiza kalamu humo, vibati vya ndani vinatanuka, plagi inacheza na kutoa cheche. Na mtoto akishaona mchezo wa kalamu? Huwa nabeba plagi ya pasi, nachomeka kila chumba. Dalali ananuna, shauri yake.

Kijana wa Mwanza
Yetu ilikuwa imejaa sisimizi 😂

Msafiri254
Huku Nairobi mwenye nyumba hushikilia dipoziti, kwa hivyo piga picha kila soketi na umtumie WhatsApp siku ya kuingia. Nikihama alitaka kunikata pesa ya mbili zilizopasuka. Nilimrudishia picha zake, akanyamaza.

Mama Wawili
Fundi, testa ikiwaka kwenye tundu la ethi je?

Fundi wa Mtaa
Usiguse friji wala jiko la bati, dada. Ethi imekatika au haijawahi kuzikwa, na kuna umeme unavuja mahali. Apime fundi kwanza, kodi baadaye.