Msaada wakuu: nimepigiwa Windows 11, diski C imejaa pomoni na folda ya Windows.old inagoma kufutika

Mtafiti_Mdogo

Habari za muda huu wakuu, naombeni msaada wenu maana nimekwama na muda wenyewe unanitupa mkono. Laptopu yangu ina SSD ya 128GB na rami 8GB, ilikuwa na Windows 10, na kwa vile Windows 10 sapoti yake iliisha tarehe 14 Oktoba 2025 nikaona nihamie 11 tu, nikaipeleka kwa fundi akanipigia (akaniwekea Windows mpya), leo ni siku ya saba. Aliponirudishia nikakuta desktopu tupu kabisa, akaniambia vitu vya zamani vimeondoka na Windows ya zamani, nikaumia sana lakini nikakubali yaishe maana kopi ya ripoti yangu ya utafiti ninayo kwenye flashi, ingawa ni ya wiki tatu nyuma.

Sasa tatizo lililonileta hapa ni nafasi. Nimerudishia video zangu za masomo kutoka kwenye flashi, nimeweka Word na vitu viwili vitatu, C ikawa nyekundu, imebaki 2.3GB. Nikisevu kazi inaniambia diski imejaa, apdeti nazo zinagoma. Katika kupekua nikakuta folda inaitwa Windows.old, peke yake ina 46GB! Nimejaribu kuifuta kwa Shift na Delete inaniambia sina ruhusa. Mtu mmoja kanishauri nichukue umiliki wa hiyo folda niifute kwa nguvu, mwingine anasema nipige Windows upya nifomati kila kitu, yaani nifute diski nzima. Mimi nataka hizo 46GB zirudi tu niendelee kuandika. Nifanyeje?

Baba Laptopu

Pole mkuu. Hiyo folda haifutwi kwa Shift na Delete wala usiende kuchukua umiliki, humo kuna mafaili ya mfumo yenye ruhusa zake, ukiilazimisha itafutika nusu, nusu itabaki inakusumbua. Nenda Settings, System, Storage, halafu Temporary files, subiri imalize kuskani, tiki sehemu iliyoandikwa "Previous Windows installation(s)" kisha bonyeza Remove files. Kama huioni hapo, tafuta Disk Cleanup kwenye Start, ifungue, bonyeza "Clean up system files", itaonekana. Dakika chache tu umemaliza.

kipepeo88

Naunga mkono, ila angalizo moja, kwenye hiyo orodha ya Temporary files kuna kitu kinaitwa Downloads kimekaa humo humo na takataka nyingine. Kile SIO takataka, ni folda yako ya Downloads yenyewe. Watu wanatiki kila kitu kwa haraka halafu wanakuja kulia. Soma kila mstari kabla hujabonyeza.

SautiYaChini

Mtafiti_Mdogo kama bado hujabonyeza Remove naomba USIBONYEZE kwanza, nisome hapa.

Kuna vitu viwili kwenye maelezo yako vimenishtua. Cha kwanza umesema desktopu ilikuja tupu. Ukiapgredi kwa njia ya kawaida na ukachagua kubaki na mafaili yako, desktopu inarudi vile vile, picha zako zipo, programu zipo, hata jina la akaunti ni lile lile. Ikija tupu maana yake wakati wa kupiga ilichaguliwa "Nothing", yaani usibakishe kitu, au ilipigwa upya juu ya partisheni (sehemu ya diski) ile ile bila kuifomati. Cha pili ni hizo 46GB. Windows.old ya apgredi ya kawaida nyingi nilizoziona ziko kati ya 15 na 30, kwa sababu inabaki Windows ya zamani bila mafaili ya mtu. 46 ni nyingi mno.

Sasa ukiunganisha hayo mawili: Windows ikipigwa juu ya nyingine bila kufomati haifuti vya zamani papo hapo, inavikusanya vyote inavitupia ndani ya Windows.old, ikiwemo folda ya Users yenye Documents, Desktop na Pictures. Naamini vitu vyako havijaondoka popote. Fungua C, ingia Windows.old, ingia Users, utakuta jina la akaunti yako ya zamani. Ukiambiwa huna ruhusa ya kuingia bonyeza Continue na usubiri, inaweza kuchukua muda. Njoo utuambie umekuta nini.

Baba Laptopu

Daah mkuu SautiYaChini umeona mbali, mimi nilikimbilia kwenye nafasi nikaruka hiyo sentensi ya desktopu tupu kabisa. Dada/kaka mleta uzi achana na maelezo yangu ya mwanzo mpaka uhakikishe.

Mtafiti_Mdogo

Jamani mikono inatetemeka naandika. VIPO. Documents ipo, folda ya Utafiti ipo, rekodi za mahojiano zote 23 nazisikiliza hapa sasa hivi, picha za familia zipo. Na ripoti ipo, tarehe yake ni usiku ule kabla sijapeleka laptopu. Mimi nilishaanza kuandika upya sura ya nne kwa kumbukumbu wakuu, na kidogo tu niifute hii folda kwa mkono wangu mwenyewe. Mungu awabariki.

Sasa nivitoe vipi na C haina nafasi? Nikijaribu kukopi kuja kwenye Documents mpya inakataa.

SautiYaChini

Pole na hongera dada (au kaka, utanisahihisha). Sasa twende taratibu lakini leo leo, maana hiyo folda ina saa yake. Windows ikishapita siku 10 toka kupigwa inaifuta Windows.old yenyewe, na wewe uko siku ya saba. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote nenda Settings, System, Storage, zima Storage Sense kama imewashwa, ili isije ikaanza kusafisha kwa kuona diski imejaa. Lakini kuzima sio kinga ya uhakika, kinga ni kuvitoa humo.

Usikopi kuja C, tafuta eksteno (diski ya nje) au flashi kubwa. Na usikopi folda nzima ya akaunti yako kwa mkupuo, nalisema hili kwa sababu kila mtu analifanya: ndani mle kuna njia za mkato zilizofichwa kama Application Data na My Documents ambazo ni za mfumo, kopi ikifika hapo inaleta makosa ya ruhusa, inasimama, wewe unadhani imemaliza kumbe imeishia katikati. Chukua moja moja: Documents, Desktop, Pictures, Downloads, Videos, Music. Ukimaliza kila moja klik ya kulia, Properties, linganisha idadi ya mafaili huku na kule. Zikilingana nenda inayofuata.

Halafu AppData, folda ya data za programu, ambayo imefichwa, itabidi uwashe kuona vilivyofichwa kwenye View. Kama ulitumia Chrome, bukumaki zako ziko AppData, Local, Google, Chrome, User Data, Default, faili linaitwa Bookmarks tu halina mkia wowote. Na kwa vile wewe ni mtu wa kuandika, pita pia AppData, Roaming, Microsoft, Word, ukikuta mafaili yenye mkia wa .asd hizo ni kazi ambazo Word ilizihifadhi yenyewe, kopi zote hata kama huna uhakika. Tumia kukopi, usitumie kukata na kuhamisha, umeme ukikatika katikati au waya ukichomoka cha asili bado kipo.

kipepeo88

Na kama unahitaji kupumua kidogo kwenye C wakati unafanya hayo, bila kugusa Windows.old, fungua Command Prompt (dirisha la kuandika komandi) kama adimini andika powercfg /h off. Hiyo inaondoa faili la haibaneti (laptopu kuzimika huku kazi uliyofungua ikihifadhiwa kwenye diski), hiberfil.sys, ambalo kwa kawaida linachukua kama asilimia 40 ya rami, wewe mwenye 8GB ni kama 3GB hivi zinarudi hapo hapo. Ubaya wake ni kwamba Fast Startup nayo inazimika, kwa hiyo kuwaka itachelewa kidogo, na ukiwa ni mtu wa kuihaibaneti hutaweza mpaka uandike powercfg /h on. Hizo video za masomo pia zirudishe kwenye flashi kwa muda, hazina kazi C saa hizi.

Mwanafunzi wa Zamani

Samahani naomba kuchomekea, mimi nimeapgredi mwenyewe juzi, mafaili yangu yote yapo na programu zipo, Windows.old yangu ni 21GB. Mimi nifute tu au nisubiri?

SautiYaChini

Mwanafunzi wa Zamani wewe kwako ile folda ina kazi nyingine, ndio njia yako ya kurudi Windows 10 ukikuta printa haifanyi kazi au programu unayoitegemea inagoma, inakuwepo Settings, System, Recovery, "Go back". Ukiifuta hiyo njia inakufa. Kwa hiyo kama nafasi haijakubana itumie laptopu kwanza, washa kila kitu unachokitumia, chapa kitu, unganisha projekta, ndio uamue. Na kama siku 10 unaona hazitoshi, Command Prompt kama adimini unaweza kuandika DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30 ikawa siku 30, mwisho wake ni 60. Ila ifanye ndani ya hizo siku 10, zikipita folda imeshafutwa hamna cha kuongeza.

Mtafiti_Mdogo

Mrejesho. Mimi ni dada. Niliazima eksteno kwa rafiki yangu, nimekopi moja moja kama ulivyosema SautiYaChini, Documents ilinigomea mara moja kwenye faili moja lenye jina refu sana, nikalifupisha jina ikapita. Nimelinganisha idadi zote zimelingana. Nimechukua na bukumaki, na kwenye ile ya Word nimekuta .asd mbili. Rekodi nimezifungua chache mwanzo, katikati na mwisho, zinasikika. Halafu nikaweka kopi ya pili ya folda ya Utafiti kwenye flashi nyingine, maana sikutaka tena kuishi na kopi moja.

Swali kabla sijabonyeza Remove. Nimeona folda nyingine inaitwa WinSxS ndani ya Windows nayo inasema ina GB nyingi, nayo niifute? Na mbona diski yangu ni ya 128 lakini inasoma 119, kuna zilizoibwa?

Baba Laptopu

WinSxS usiiguse kabisa dada, hiyo ndio stoo ya vipuri vya Windows, ukifuta kwa mkono laptopu inaweza isiwake. Na ile saizi unayoiona inadanganya, mafaili mengi ya mle ni yale yale yaliyopo sehemu nyingine za Windows, faili moja lenye milango miwili, ila linahesabiwa mara mbili. Kama unataka kuipunguza kihalali kuna komandi, DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup, inatoa masalia ya apdeti za zamani tu, iache imalize hata ikionekana imeganda.

119 hakuna aliyekuibia, kiwanda kinahesabu GB moja kwa bilioni moja ya baiti, Windows inahesabu kwa baiti 1024 x 1024 x 1024. Ni diski ile ile imepimwa kwa vipimo viwili. Ndogo ndogo nyingine zimekaa kwenye partisheni za kuwashia na za rikavari.

kipepeo88

Sasa bonyeza dada, ila Downloads usiitiki!

Mtafiti_Mdogo

Nimebonyeza. Ilichukua kama robo saa, ikaristati, nikafungua This PC: imebaki 55GB. Sikutiki Downloads. Nimerudisha folda ya Utafiti na picha, sasa nina 48, video zimebaki kwenye flashi. Apdeti iliyokuwa inagoma imeanza kushuka yenyewe.

Mwanafunzi wa Zamani

Hongera sana dada. Zile .asd zilikuwa na kitu?

Mtafiti_Mdogo

Moja ilikuwa tupu. Nyingine ina aya tatu za sura ya nne ambazo hazipo kwenye ripoti niliyoisevu, ni za usiku ule ule, nadhani betri iliniishia nikalala. Nimezirudisha mahali pake. Yale niliyoandika upya kwa kumbukumbu nayo nimeyaweka pembeni, nayasoma yote mawili naona ya zamani yana maneno ya wale niliowahoji kama walivyoyasema wenyewe, ambayo mimi nisingeyakumbuka. SautiYaChini, Baba Laptopu, kipepeo88, asanteni sana, ripoti naikabidhi Ijumaa.

SautiYaChini

Amina dada. Ukishaikabidhi ndio urudishe eksteno ya watu, sio kabla.