Mnamuuziaje mtoto wa miaka tisa sigara mbili, halafu mnampa pipi ya chenji?

Wakuu, salaam. Hasira bado ninayo, lakini nikisubiri itulie nitaishia kunyamaza kama nilivyonyamaza miaka yote.

Jumamosi saa kumi jioni nilikuwa uani nafua. Binti yangu, yuko darasa la tatu, akaingia getini mbio, mkono mmoja kakunja ngumi, mwingine kashika pipi. Nikamuuliza pipi katoa wapi. "Ya chenji." Chenji ya nini? Akafungua ngumi. Sigara mbili, zimeanza kulowa jasho la kiganja chake.

Aliyemtuma ni babu yake. Ndiyo, baba yangu mzazi, na huyo nitamfikia. Kwanza nianze na duka.

Nilivaa kanga nikaenda na povu mkononi. Ni duka la kawaida la mtaani, mnayajua, dirisha lina nondo. Kwenye nondo kuna kiberiti cha gesi kimefungwa kamba, kinaning'inia usawa wa kifua changu, ambao ni usawa wa macho ya binti yangu. Nyuma ya nondo kuna kopo la pipi, kopo la ubuyu, na katikati yake pakiti ya sigara imefunguliwa mdomo, zinachomolewa moja moja. Nikamuuliza kijana wa dukani, umemuuzia mtoto sigara? Akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, mbona kasema katumwa na babu yake? Nisipouza mimi atauziwa pale mbele." Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Wala hakuwa anadanganya, maana pale mbele kweli wanauza. Nilihesabu wakati narudi: kutoka getini kwangu hadi kituo cha daladala ni sehemu saba. Maduka, genge, meza ya muuza kahawa, na yule wa vocha. Maji safi ya bomba hayajasogea karibu na watu kiasi hicho.

Hapa Tanzania sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tunayo tangu 2003, na inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Haijaweka kifungu cha "ila kama katumwa". Mwaka 2007 nchi ikaridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku, na Ibara ya 16 ya mkataba huo inazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja au kwenye vipakiti vidogo, kwa sababu ndivyo vinavyomfanya mtoto aimudu bei. Wenzetu Kenya waliandika katazo hilo kwenye sheria yao ya 2007, ingawa ukienda mitaani kule utazikuta zinauzwa vilevile.

Tafakarini jambo hili moja. Lile onyo kwamba uvutaji ni hatari kwa afya limeandikwa kwenye pakiti. Pakiti inabaki dukani. Anayenunua moja hapewi onyo, anapewa sigara na moto. Baba yangu amevuta zaidi ya miaka hamsini, na nina hakika pakiti nzima alizonunua mwenyewe kwa mkono wake ni chache tu, labda siku za mshahara. Mtoto wa shule hana hela ya pakiti. Hela ya moja anayo, tunampa wenyewe asubuhi, tunaiita ya andazi.

Sasa Mzee.

Alianza akiwa na miaka 16, utingo wa lori njia ya Tunduma. Dereva alikuwa anampa avute usiku asisinzie. Leo ana miaka 70 na ushee. Mwezi wa tatu tulimkimbiza hospitali midomo imebadilika rangi, kifua kinapiga filimbi, hawezi kumaliza sentensi. Akapulizishwa kwenye mashine ya kupima pumzi. Daktari akatueleza kwamba ni ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa: mirija imevimba na kujaa makohozi, na vile vifuko vidogo mwishoni mwa mirija, ambako hewa safi huingia kwenye damu, kuta zake zimebomoka. Vikishabomoka havioti tena. Dawa za pampu zinafungua njia kidogo, basi.

Watu wanadhani sigara inaua kwa saratani tu, inakuja siku moja ghafla na mtu anaondoka. Njooni muone hii nyingine. Mzee halali chali, anaegeshwa na mito mitatu, akiteleza usiku anaamka anapigania hewa. Kutoka chumbani hadi chooni ni hatua kumi na nne, anapumzika katikati, kashika ukuta. Kula kunamchosha. Kucheka kunamchosha. Mjukuu wake akimsimulia kitu cha kuchekesha anainua mkono, "subiri, subiri," mpaka pumzi irudi. Hivyo ndivyo anavyoishi, na anaweza kuishi hivyo miaka.

Mzee huyohuyo ndiye kamtuma mtoto sigara.

Nilimfuata nikiwa nimejaa. Nilimpa shikamoo kwa mazoea tu, moyoni nilikuwa sina heshima hata chembe, Mungu anisamehe. Nikamwekea zile sigara mbili mapajani. Baba, mjukuu wako? Hakunijibu. Alikaa kimya nikadhani atanifokea. Kisha akasema: "Mwanangu, unadhani naivuta mimi? Miaka mingi sasa yenyewe ndiyo inanivuta." Na machozi yakamtoka. Sijawahi kumuona baba yangu akilia, hata kwenye msiba wa mama.

Hapo ndipo hasira yangu ikahama, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Moshi wa sigara ukivutwa, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Kule inaamsha dopamini, ile kemikali inayompa mtu raha na kumfanya arudie. Halafu inapungua upesi, ndani ya muda wa saa mbili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu. Ndiyo maana Mzee akiamka alfajiri, kabla hajanawa uso, mkono unaanza kupapasa chini ya mto. Asipopata ni alosto: hasira, mikono haitulii, usingizi hauji, akili haikai mahali pamoja. Siku tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, kisha inalegea polepole kwa wiki kadhaa.

Hospitali tulikaa siku tisa. Tisa! Ile miiba ya mwanzo alishaipita, akiwa kitandani, hajagusa hata moja. Siku ya kuruhusiwa akaambiwa, "Mzee, sigara acha." Maneno matatu. Tukapewa pampu, tukapewa vidonge, tukapewa tarehe ya kurudi. Hakuna aliyemuuliza ataachaje. Hakuna aliyetuambia sisi wa nyumbani tufanye nini akishikwa usiku. Mtu amevuta zaidi ya miaka hamsini, anarudishwa mtaa uleule wenye madirisha saba, kiberiti kinaning'inia, na mkononi ana maneno matatu. Siku ya pili jioni alikuwa anavuta. Na sisi wanawe tukamwona hana msimamo, tukamsema, nami nilimsema vibaya kuliko wote. Leo ninajuta.

Kwa sababu dawa za kumsaidia mtu kuacha zipo. Viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi na jojo za nikotini, vinavyompa mtu kidogo kidogo bila moshi huku kipimo kikishushwa, Shirika la Afya Duniani liliviweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini. Dawa muhimu, kama za malaria na presha. Jumatatu nilizunguka maduka manne ya dawa. La kwanza hawajawahi kusikia. La pili waliniuzia pipi za kikohozi. La tatu kijana aliniambia kwa nia njema kabisa nimpe Mzee karafuu atafune. La nne waliniambia zinaagizwa, bei niliyotajiwa ni chakula cha nyumba yangu cha wiki mbili.

Sumu ipo kila dirisha, jero inatosha. Tiba ya ule uraibu ni ya kuagiza. Nani alikaa akapanga hivi?

Jioni hiyohiyo nilipita ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza kuhusu duka kumuuzia mtoto. Nikaambiwa nilete barua, na kwamba "hayo ni mambo ya malezi". Nimeandika barua. Nitaipeleka na nakala nitabaki nayo. Lakini serikali isiseme haiwezi, maana shisha waliipiga marufuku 2016 na kwenye baa tuliona ikiondolewa. Shisha ilikuwa starehe ya watu wazima usiku. Inakuwaje sigara moja moja, inayouzwa mchana karibu na geti la shule, ndiyo ionekane ngumu?

Nyongeza, nimesoma majibu yenu mpaka sasa:

Kuna mkuu amesema kuvuta ni hiari ya mtu mzima, tusitafute mchawi. Mkuu, mtoto wa miaka 16 aliyepewa sigara na bosi wake ndani ya lori saa nane za usiku ni mtu mzima gani? Na si yeye peke yake. Marekani, ambako haya mambo yamepimwa miaka mingi, karibu watu 9 kati ya 10 wanaovuta kila siku walianza kabla ya kufika miaka 18. Ubongo unaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25, na nikotini ikiingia mapema ndivyo inavyoshika zaidi. Wenye viwanda walilijua hilo. Mwaka 1963 mwanasheria wa kampuni moja kubwa ya Marekani aliandika kwenye waraka wa ndani kwamba nikotini inaleta uraibu, na kwamba biashara yao basi ni kuuza dawa ya kulevya. Mwaka 1994, zaidi ya miaka thelathini baadaye, wakuu saba wa kampuni za sigara walisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, wakaapa, na mmoja baada ya mwingine wakasema wanaamini nikotini haileti uraibu. Baba yangu mwaka huo alikuwa barabarani anavuta. Hiari ya mtu aliyefichwa ukweli unaihesabuje?

Mwingine amesema sigara inaingiza kodi na kuwalisha wakulima wa tumbaku wa Tabora. Upande wa mama yangu ni Urambo, hukohuko Tabora, nimekulia likizo kwenye mashamba ya tumbaku, usinifundishe. Nimeona binamu zangu wakichuma majani yenye umande asubuhi, mchana wanatapika na kuona kizunguzungu, na bibi anasema ni jua. Haikuwa jua. Nikotini inapenya kwenye ngozi iliyolowa. Nimeona pia miti inayokatwa kulisha mabani ya kukaushia, kila mwaka wanaifuata mbali zaidi. Mkulima huyo simlaumu, na hajatajirika. Msimtumie kama ngao.

Dada aliyeuliza kama Mzee ahamie ugoro kwa kuwa hauna moshi: hapana, tafadhali. Nikotini ni ileile, na yale magadi yanayochanganywa ndiyo yanayoifanya ipenye haraka kwenye utando wa mdomo. Tumbaku isiyo na moshi inaleta saratani ya mdomo, ya koo la chakula na ya kongosho. Shangazi yangu anabwia na ufizi wake umeshaanza kuachia meno.

Na kuna aliyesema kwa umri ule mwacheni Mzee avute tu, pafu limeshaharibika. Hili limeniuma. Vifuko vilivyobomoka havirudi, sawa, lakini akiacha, kasi ya kuharibika vilivyobaki inapungua. Moyo nao unapata nafuu, ndani ya mwaka mmoja ile hatari ya ziada iliyoletwa na sigara inashuka kama nusu. Halafu chumba chake kimepakana na cha wanangu. Mdogo ana pumu.

Leo ni Jumatano, Mzee ana siku ya nne. Alianza mwenyewe Jumapili asubuhi, hakuniambia, nilijua nilipoona zile sigara mbili ziko juu ya meza hazijaguswa. Jana usiku alikuwa na alosto mbaya, alimfokea kila mtu, akatupa kikombe. Mwanangu mkubwa alikaa naye mpaka saa tisa wakicheza bao. Duka la mtaani nimewaambia, na nimewaambia wote saba, mtoto wangu asiuziwe. Watano wamenielewa. Yule wa kwanza alifungua kamba ya kiberiti nikiwa nimesimama pale, sijui kama ameirudisha.

Ninachoomba sasa: mwenye kujua duka la dawa hapa Dar lenye viraka vya nikotini, au hospitali yoyote yenye mtu anayekaa na wagonjwa wanaoacha sigara, aandike hapa hapa, si inbox, ili na wengine waone. Kama mzazi wako aliacha uzeeni, niambie usiku wa tano na wa sita mliupitishaje.