Naomba ushauri: wazazi wamekwama kuhusu mrija wa kulishia wa tumboni

Habari zenu ndugu. Mtoto ana miaka 4, mtindio wa ubongo, kilo 9. Mlo mmoja unachukua karibu saa nzima. Anakohoa, macho yanalengalenga machozi, na nimonia imemlaza mara 3 mwaka huu. Mrija wa puani anauchomoa kila mara. Daktari anashauri apasuliwe, awekewe wa tumboni. Baba ameridhia. Mama anasita, na namwelewa: kumlisha ndiko kumbembeleza kwake. Tumewaeleza wazi kwamba mrija hauzuii mate kuingia mapafuni, na kucheua kunaweza kuendelea. Tumewakutanisha na mzazi aliyepitia hayo.

Je, mnawaulizaje wazazi wanachokithamini zaidi bila kuwasukuma? Na vijiko vichache vya kuonja kwa mdomo, mtoto akiwa na mrija, mnaviruhusu lini?