Acheni kuwadanganya watoto wetu kwamba baridi ya Kanada "utazoea tu"

Ndugu zangu wa humu, naandika nikiwa Lubumbashi, Katuba, mwezi huu wa saba, na nimekasirika kwelikweli. Nimekuja likizo nyumbani baada ya miaka ya kuishi Winnipeg, Kanada, na kila nyumba ninayoingia nakutana na sentensi ileile: "Baridi? Utazoea tu." Anaambiwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye viza yake imetoka na masomo yake yanaanza Januari. Wajomba wanamwambia hivyo, majirani wanamwambia hivyo, pasta amemwombea na kumwambia hivyo. Hata wenzangu wa diaspora wanaopiga simu kumpongeza wanamwambia hivyohivyo, na hao ndio wanaoniudhi kuliko wote, kwa sababu wanajua.

Anafika Januari. Kama kuna mwezi wa kutomshusha mgeni kwenye ndege kule, ni huo.

Baridi ya hapa naijua, nimezaliwa nayo. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba unaweza kushuka mpaka nyuzi 6 au 5. Mama zetu wanaotoka alfajiri kwenda sokoni wanavaa pulova juu ya pulova na kujifunga kitenge juu yake. Siwabishii, ni baridi. Lakini ikifika saa nne jua limepanda, pulova zimevuliwa, watu wanatafuta kivuli. Winnipeg, usiku wa kawaida wa Januari ni nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, wakati friza ya muuza samaki hapa sokoni huwekwa kwenye 18 chini ya sifuri. Nimesema usiku wa kawaida. Usiku mbaya unafika 35 chini ya sifuri, na rekodi ya mji ule, ya tarehe 24 Desemba 1879, ni 47.8 chini ya sifuri.

Hapo bado hatujataja upepo. Winnipeg imekaa kwenye tambarare tupu, hakuna mlima wala msitu wa kuuzuia. Ndiyo maana idara ya hali ya hewa ya Kanada inatangaza namba mbili: ya kipimajoto, na ya baridi jinsi ngozi inavyoipokea upepo ukivuma. Hii ya pili ikifika hasi 40, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 5 mpaka 10. Ikivuka hasi 55, hata dakika 2 hazifiki. Sasa niambieni, dakika 10 ni nini kwa mtu asiye na gari? Ni basi moja lililochelewa.

Sikio langu la kushoto lilikwenda hivyo. Ilikuwa msimu wangu wa kwanza, natoka kusafisha ofisi usiku, basi la kuunganisha limeshaondoka, na kofia niliyopewa na watu wa mapokezi ilikuwa fupi, haishuki mpaka kwenye masikio. Kwanza sikio liliwaka kama limemwagiwa pilipili. Likauma sana, halafu likanyamaza. Nilipofika kituo cha pili nilimkuta mama mmoja Mfilipino tuliyekuwa tunafanya kazi naye. Aliponitazama alinishika mikono yote miwili kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa naipeleka kulisugua. Akaniambia nisiguse. Usisugue kamwe, kwa sababu ndani ya nyama kuna chembe za barafu na ukisugua unaichana nyama yako mwenyewe. Usilisogeze kwenye moto wala hita, maana halisikii kitu na utaliunguza bila kujua. Dawa ni maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 mpaka 39, polepole, ukiwa ndani ambako haligandi tena. Sikio likianza kuyeyuka ndipo utakapojua maumivu ni nini. Mimi nililia mbele ya watu nisiowajua, mtu mzima na ndevu zangu. Kesho yake malengelenge, na mpaka leo sikio lile likipigwa na baridi ya asubuhi hata hapa Katuba linachoma.

Na jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia: karatasi zao zimeandikwa kwamba ngozi iliyoganda inakuwa nyeupe au nyekundu. Ngozi yetu sisi weusi inakuwa ya kijivu, kama imepakwa majivu. Ukisubiri uone wekundu utasubiri mpaka kidole kife.

Wanaodhani natia chumvi wasikilize haya, yaliandikwa kwenye magazeti dunia nzima. Desemba 2016 Waghana wawili walivuka mpaka kwa miguu usiku kutoka Marekani kuingia Manitoba, jimbo lenye Winnipeg. Walipona, lakini walipoteza karibu vidole vyao vyote vya mikono. Januari 2022, karibu na Emerson, palepale mpakani, ilikutwa familia kutoka India imeganda shambani: baba, mama, binti wa miaka 11 na mtoto wa miaka 3. Hao nao nani angewaambia watazoea? Unachozoea kule ni kuvaa na kupanga safari zako. Nyama ya kidole haizoei.

Halafu kuna nyumba. Hapa watu wanasema, "Lakini ndani kuna shofaji," yaani mtambo wa kupasha nyumba joto. Ndiyo, ipo, mpaka iharibike. Tulipanga nyumba ya chini ya ardhi, ile wanayopewa wageni kwa sababu ni rahisi. Ijumaa usiku tanuru la kupasha nyumba likazima. Mwenye nyumba akasema fundi atakuja Jumatatu. Jumatatu! Nje ni nyuzi 33 chini ya sifuri, ndani kuna mtoto mchanga. Kufikia asubuhi barafu ilikuwa imeota kwenye kioo cha dirisha upande wetu wa ndani, na misumari ya fremu ya mlango, ambayo inapitisha baridi kutoka nje, ilikuwa imefunikwa na ukungu mweupe wa barafu, kila msumari na kofia yake. Mke wangu alilala na mtoto kifuani ndani ya koti moja, amejifunga kitenge juu. Jumapili bomba la jikoni likapasuka, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka, na ndipo mwenye nyumba alipokuja mbio. Kwa ajili ya bomba lake. Sheria ya kule inamlazimu kuwapasha joto wapangaji, lakini mgeni asiyejua aipigie simu ofisi gani anakaa anatetemeka na kuomba Mungu.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri kuliko mahali pengine pote. Usiku ule wa kwanza mtu wetu mmoja, mkongwe kabisa wa pale mjini, alituambia kwenye simu tuwashe makaa ndani. Mbabula, jiko letu la makaa! Kwenye nyumba ya chini ya ardhi iliyozibwa kila tundu! Nilikataa kwa sababu nilishazika majirani wa hapa Katuba kwa ajili hiyohiyo: mwezi wa saba, mbabula imeingizwa chumbani, mlango umefungwa, asubuhi hawakuamka. Hewa ile ya makaa haina rangi wala harufu. Inakamata damu mahali ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, unasikia usingizi, unalala. Februari 2021 Texas, jimbo la joto, ilipigwa na baridi kali na umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu. Zaidi ya watu 200 walikufa, na miongoni mwao wapo waliouawa na hewa hiyohiyo kwa sababu waliingiza majiko ya mkaa ndani au waliwasha gari gereji wapate joto. Na juzi, hapa hapa, nimeingia kwa shangazi nikakuta mbabula iko katikati ya chumba cha watoto, makaa mekundu, dirisha limezibwa na bulangeti. Nimeitoa nje mwenyewe. Nikaambiwa nimekuwa mzungu.

Sasa tuje kwenye falanga, yaani pesa, maana najua wapo watakaosema hayo yote ni maneno. Januari na Februari bili ya kupasha nyumba inapanda kuliko mwezi mwingine wowote. Watoto wanahitaji buti mpya kwa sababu miguu imekua. Gari, kama unalo, lazima ulichomeke kwenye umeme usiku kucha ili injini isigande. Unaamka gizani, kwa sababu Desemba jua linachomoza saa mbili na kitu asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama. Ukishalipa vyote hivyo unapiga simu nyumbani kusema mwezi huu siwezi kutuma, unajibiwa: "Yaya, na huku kuko baridi. Ile yenu ni visababu tu. Unakatala kutuma falanga, unasema baridi." Nimeambiwa hivyo na watu ninaowasomesha. Inauma kuliko sikio.

Na ninyi wenzangu mnaopiga picha kwenye theluji, koti wazi, miwani ya jua, mkono juu: picha ile mmeipiga kwa sekunde chache kisha mmekimbilia ndani. Mdogo wangu ameihifadhi kwenye simu yake. Ameniuliza kama koti lile ni la lazima.

Wiki iliyopita walinionyesha sanduku lake. Familia nzima imechanga. Suti mbili, mashati, viatu vya ngozi vyenye ncha na soli laini iliyong'arishwa mpaka unajiona. Viatu hivyo kwenye barafu vitamvunja nyonga hatua ya kwanza nje ya uwanja wa ndege. Nikaomba karatasi aliyopewa na wakala anayeshughulikia faili za wanafunzi hapa mjini, yule aliyechukua dola zao. Kuna nakala za diploma, picha za pasipoti, barua ya benki, cheti cha chanjo. Kuhusu baridi hakuna hata neno moja.

Nimemweka chini nikamwambia, na ninaandika hapa wengine wapate. Buti za theluji zenye manyoya ndani na soli ya mpira yenye meno, kubwa kidogo ili soksi nene iingie na vidole vicheze. Glavu za mfuko, ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, zina joto kuliko zile za kila kidole na nyumba yake. Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu au ya michezo, si pamba, maana pamba ikishika jasho inakaa na maji na maji yanakunyonya joto. Kofia ishuke mpaka chini ya masikio. Skafu ifunike pua. Simu uiweke karibu na mwili, betri inazimika ghafla kwenye baridi na utajikuta huna wa kumwita. Na mtu wa kumpokea aingie na koti mpaka ndani ya jengo, asimsubiri nje.

Vitu hivi kule vinapatikana hata mitumba, havihitaji utajiri. Vinahitaji mtu wa kusema kweli kabla ya safari.

Kwa hiyo mlioko Winnipeg, Edmonton, Saskatoon, Minneapolis, andikeni hapa chini yaliyowakuta, mtaje na maduka mliyonunua buti, kabla watoto hawa wa Januari hawajaondoka. Sitaki pole. Na wewe wakala, kama unapita humu, na najua unapita, ongeza nguo za baridi kwenye karatasi yako kabla hujapokea dola za mtoto mwingine.